Jaketi na suruali ya ngozi ya mtumba vinanuka: tunatoaje harufu bila kuiua ngozi?

Kona Kali (mwenye uzi)

Wakuu, heshima mbele.

Nimenunua jaketi na suruali ya ngozi ya pikipiki, ile seti inayounganishwa kwa zipu kiunoni. Ngozi ya ng'ombe, nzito, mishono imekaa sawa, pedi za mabega, viwiko, magoti na mgongo zimo zote. Kasoro ni harufu tu. Aliyeniuzia alikuwa ameimwagia manukato, siku ile nikawa nasikia maua. Manukato yalipofifia ndipo nikakutana na mwenye nyumba: uvundo wa nguo iliyofungiwa kabatini ikiwa mbichi, kikwapa, na mwili ukishapata joto inatoka harufu ya sigara za zamani.

Nimeianika kivulini. Ikiwa kwenye hanga unaweza kuapa kwamba imepona. Ivae sasa, funga zipu mpaka shingoni, vaa kofia ngumu, uone balaa lake.

Mitandaoni kila mtu ana dawa yake: siki, soda, friza, kahawa, mashine ya ozoni (ile gesi ya kuondoa harufu). Naomba mwenye uzoefu anipe muongozo. Nataka harufu itoke na ngozi ibaki ngozi.

Mzee wa Klachi

Iuze kwa mtu mwenye mafua.

Natania mkuu. Ngoja mafundi waje. Nimekaa hapa pembeni, nina koti lenye ugonjwa huo huo.

Fundi Sindano

Kona Kali, pole. Kazi yangu ni kukarabati nguo za ngozi na hizi za pikipiki zinapita sana mikononi mwangu. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Wengi wakishaona nguo inanuka wanakimbilia mafuta ya ngozi na kupaka nje, wakati ngozi ya nje mara nyingi haina kosa. Harufu inakaa ndani: kwenye bitana, kwenye sponji za pedi, kwenye ukanda wa kola, kwapani, mwisho wa mikono, na kwenye kile kitambaa cha kuvutika nyuma ya magoti. Ukipaka mafuta juu ya uchafu umeufungia humo humo.

Halafu umetaja harufu tatu, na hazitibiwi sawa. Kabla hujashika dawa yoyote, tafuta ipi imekaa wapi. Toa pedi zote kwenye mifuko yake. Kama kuna bitana ya baridi inayofunguka kwa zipu, itoe nayo. Chukua vitambaa vyeupe vya pamba, vilowe kidogo kwa maji ya uvuguvugu, ukamue. Kimoja sugua kola kwa nje, kingine kwapa kwa ndani, kingine mgongo wa bitana, kingine pedi. Kisha toka nje, pumzisha pua, nusa kimoja kimoja. Angalia na rangi: kitambaa kikitoka na umanjano wa hudhurungi unaonata, hiyo ni lami na nikotini ya sigara. Kikitoka safi na hakinuki, sehemu hiyo iache, usiitafutie ugonjwa.

Kuhusu hilo la kunuka ukivaa na kupoa ukianika, hapo kuna maelezo. Jasho likitoka mwilini halina harufu ya maana. Bakteria ndio wanaolila na kutoa asidi zenye harufu kali. Maji ya jasho yanakauka, chumvi na mafuta ya mwili vinabaki kwenye nyuzi za bitana. Chumvi ina tabia ya kunyonya unyevu, na mwili wako unaleta joto na unyevu mpya, kwa hiyo bakteria wanaamka na kazi inaendelea. Upepo hauondoi chumvi. Chumvi inatoka kwa maji. Na bitana nyingi za nguo hizi ni poliesta, ambayo inang'ang'ania harufu ya jasho kuliko pamba.

Nitarudi na namna ya kusafisha bitana. Kwanza tuletee majibu ya vitambaa.

Injini Mbichi

Maneno mengi. Ingiza kwenye friza usiku kucha, bakteria wote wanakufa, asubuhi unavaa.

Fundi Sindano

Injini Mbichi, hawafi. Wengi wanalala tu, ukiwapa joto wanaendelea walipoishia. Na hata wangekufa wote, chumvi na uchafu wao si bado vimo?

Bibi Gia

Naunga mkono fundi. Kahawa nayo waiache. Inaongeza harufu yake juu ya ile ya zamani, na ikishika unyevu inaota ukungu.

Kona Kali (mwenye uzi)

Fundi, nimerudi na majibu.

Kola kwa nje: kitambaa kimetoka na umanjano, harufu ya sigara. Mikono na mgongo wa jaketi kwa nje: safi, harufu ya ngozi tu. Kwapa kwa ndani: sitaeleza, kuna watoto humu. Suruali nyuma ya magoti hivyo hivyo. Ila kilichonishangaza ni pedi ya mgongo. Nimeikaribia pua nikarudi nyuma. Yaani nusu ya tatizo lote nadhani ni hilo sponji.

Halafu nilipoinua ukosi wa kola nimekuta utando mweupe, vidoa vidoa. Ni ukungu huo?

Fundi Sindano

Safi, sasa tunajua tunapambana na nani.

Tuanze na huo weupe, maana watu wanauogopa bure wakati mwingine. Ngozi ikichakatwa inatiwa mafuta ndani, na baada ya muda mafuta hayo yanaweza kupanda juu na kuganda kama utando mweupe. Siyo ukungu. Chukua mashine ya kukaushia nywele, moto mdogo kabisa, kwa umbali, pulizia kidogo sana. Utando ukiyeyuka na kupotelea ndani ya ngozi, ni mafuta. Futa kwa kitambaa kikavu, umemaliza. Ukibaki ulivyo, ukiutazama kwa karibu una vinyweleo, na ukiunusa unakupa ule uvundo wa stoo, ni ukungu.

Kama ni ukungu, toka nao nje. Vaa barakoa, ukaupiga brashi laini ukiwa mkavu, usianze kuusugua ndani ya nyumba ukasambaza mbegu zake kwenye mapazia. Baada ya hapo kitambaa chenye spiriti ya asilimia 70, kiwe na unyevu tu, kisichuruzike, pitisha juu ya ngozi na bitana ya eneo hilo. Msitafute ya asilimia 99 mkidhani ndiyo kiboko. Maji yaliyomo kwenye ile ya 70 ndiyo yanayoisaidia kupenya ndani ya ukungu na bakteria. Ile kali inaruka hewani kabla haijafanya kitu. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, nyuma ya kifuniko cha zipu kwa mfano. Kitambaa kikibeba rangi, acha, maana spiriti inaweza kuyeyusha rangi ya juu. Na iwe mbali na moto.

Sasa bitana. Geuza jaketi ndani nje, pamoja na mikono. Beseni la maji ya baridi au vuguvugu hafifu, matone machache ya sabuni laini, ile ya kufulia sufu inafaa. Sabuni ya unga ya kawaida hapana, ina ukali wa alkali ambao ngozi haiupendi. Chovya kitambaa, kamua, futa eneo dogo dogo. Kwapani na kwenye kola tumia brashi laini, sugua kwa mduara. Suuza kitambaa kila mara; utaona maji ya beseni yanageuka rangi ya chai, ubadilishe. Ukimaliza na sabuni, rudia na maji matupu, kwa sababu sabuni iliyobaki inashika uchafu mpya. Halafu gandamiza na taulo kavu linyonye unyevu. Kusudi ni bitana ilowe na ngozi nyuma yake ipate unyevu kidogo tu.

Kukausha ndiko kunakoharibu nguo nyingi kuliko kuosha. Hanga ya mabega mapana, zipu zote wazi, feni ipulize, kivulini. Mikononi ingiza taulo lililoviringishwa au karatasi nyeupe ili bitana isigandane na ngozi. Jua kali hapana, hita hapana, juu ya injini ya moto hapana kabisa. Ngozi iliyolowa ikipata joto kali, nyuzi zake zinajikunja na kusinyaa, na ikishasinyaa hivyo hakuna mafuta ya kuirudisha. Ikiwa na haraka usiikaushe, subiri.

Mzee wa Klachi

"Ikiwa na haraka" ni wewe fundi au ngozi? 😄

Fundi Sindano

Ukiwa na haraka. Nimeshika sindano mkono mmoja na simu mkono mwingine.

Bibi Gia

Niongezee kwenye sigara, harufu yake nilishaitoa kwenye koti la marehemu mjomba wangu.

Moshi wa sigara unaacha utando unaonata. Ndiyo maana kuanika hakumalizi, utando hauruki. Lazima ufutwe. Siki nyeupe ya kawaida, ambayo asidi yake ni kama asilimia 5, changanya nusu kwa nusu na maji, au punguza zaidi kama ngozi ni laini. Nikotini ni upande wa alkali, kwa hiyo kwenye asidi inayeyuka vizuri. Na ngozi yenyewe ikishachakatwa inabaki na asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi na alkali, 7 ni katikati) ni kama 4 mpaka 5, ndiyo maana siki hafifu haiitishi. Kitambaa kiwe na unyevu tu, futa, geuza upande safi, futa tena, mpaka kitoke cheupe. Baadaye pitisha maji matupu, hasa kwenye zipu na vifungo vya chuma, siki inavipa kutu. Siki nayo inanuka siku hiyo, msipige kelele, inaondoka yenyewe.

Soda ni upande wa pili. Nazungumzia bikaboneti, ile ya kuumulia. pH yake ni zaidi ya 8. Ikiwa kavu, nyunyizia kwenye bitana iliyokauka vizuri, iache usiku, kisha ifyonze kwa mashine ya vumbi au ikung'ute. Inasaidia kwa zile asidi za jasho. Ukiichanganya na maji ukapaka kwenye ngozi unaikausha na inaacha weupe kwenye matundu. Na tafadhali msichukue magadi mkidhani ni kitu kimoja. Magadi yana ukali mkubwa zaidi, ngozi hiyo utaagana nayo.

Kuchanganya siki na soda pamoja kunatoa povu la kupendeza na kinachobaki ni maji ya chumvi. Sijui nani aliwaambia watu kwamba ni dawa.

Mguu wa Breki

Mimi napingana kidogo na fundi. Suti yangu ya kipande kimoja, ya mashindano, ile yenye matundu, huwa naizamisha yote kwenye beseni kubwa. Maji ya baridi, sabuni maalumu ya ngozi, naisuuza mpaka maji yanatoka meupe, naitandika juu ya taulo, halafu hanga na feni. Ikikaribia kukauka, bado ina unyevu kidogo, napaka mafuta ya ngozi membamba. Ikikauka inakakamaa kidogo, naivaa ndani ya nyumba napiga goti, inalainika. Hakuna kitambaa cha kufutia kitakachotoa jasho la mashindano kwenye suti nzima.

Fundi Sindano

Mguu wa Breki, sikukatazi, na kwa suti iliyolowa jasho kila wiki una hoja. Ila suti yako unaijua tangu ikiwa mpya. Huyu ndugu ana nguo ambayo hajui imepita wapi. Rangi ya mtumba inaweza kuvuja, nyekundu ikaingia kwenye nyeupe. Gundi ya zamani kwenye kola na kwenye nembo inaweza kuachia. Bitana na ngozi zinaweza kusinyaa kwa kiasi tofauti. Nguo ya rangi moja, yenye lebo ya ndani isiyokataza maji, mtu anaweza kuzamisha kama njia ya mwisho. Nguo yenye utando wa kuzuia mvua au yenye mfuko wa hewa wa usalama, hapana, fuata alichoandika mtengenezaji.

Na wenye kuzamisha, mkiinua suti iliyolowa mshike kwa mikono miwili chini, kama mnabeba mtoto aliyelala. Ina uzito mkubwa ikiwa na maji, ukiinyanyua kwa mabega mishono inavutika.

Injini Mbichi

Sawa, friza nimeiondoa. Ozoni je? Jamaa yangu ana mashine, anawasafishia watu magari.

Fundi Sindano

Ozoni inafanya kazi, tatizo haichagui. Inaunguza harufu na inaunguza vingine pia. Adui yake mkubwa ni mpira na vitambaa vya kuvutika, na nguo za pikipiki zimejaa hivyo: nyuma ya magoti, chini ya mikono, kiunoni. Vinakuwa vikavu na kupasuka. Na haifiki katikati ya sponji la pedi, ambako huyu mwenzetu ndiko kwenye shida. Juu ya hayo inaumiza mapafu. Mashine ikiwa inafanya kazi hakuna mtu wala mnyama wa kukaa chumbani humo. Kwa jaketi moja mimi siioni sababu yake.

Tukirudi kwenye pedi. Angalia maandishi juu yake. Za viungo huandikwa EN 1621-1, ya mgongo EN 1621-2, ndivyo viwango vya Ulaya vya pedi za kinga. Zioshe kwa mkono, maji ya baridi na sabuni laini, ukizigandamiza kwa viganja, usizikamue kwa kuzisokota. Suuza sana. Anika kivulini mpaka katikati pakauke, ukiibana usisikie ubaridi. Lakini kabla ya yote hayo ikunje. Ikiacha unga mkononi, ikinata, au ikibonyea na isirudi, usipoteze sabuni. Sponji la poliyurethani likizeeka linaoza kwa unyevu, lina harufu yake ambayo haitoki, na hata kinga yake imekwisha. Nunua nyingine ya kiwango hicho hicho inayokaa kwenye mfuko bila kucheza.

Ukiwa umeshika nguo mkononi, kagua na mishono. Jasho na ukungu havili pua yako peke yake. Shika ngozi pande mbili za mshono wa bega na wa makalio, vuta kwa nguvu. Uzi ukikatika au ukiona mashimo yanapanuka, inahitaji kushonwa upya kabla ya kupanda chombo. Kunja ngozi: mistari laini ni umri tu. Ikipasuka ukaona nyuzi za ndani, au ikamwaga unga, hiyo ni ya kutundika ukutani. Ukianguka nayo inachanika kwenye lami, iwe inanukia vipi.

Kona Kali (mwenye uzi)

Mishono imesimama. Pedi za viwiko na magoti ziko vizuri, nimeziosha. Ya mgongo imeacha unga wa rangi ya kaki kiganjani, nimeitupa. Nyumba imebadilika hewa papo hapo.

Weupe wa kola: ulipopata joto umeyeyuka karibu wote, ila kona ya ndani vidoa vimebaki. Kwa hiyo vyote viwili vilikuwepo?

Fundi Sindano

Vinaweza kukaa pamoja. Hiyo kona ifanyie kazi ya spiriti. Kisha bitana, kisha kola kwa siki ya Bibi Gia. Mpangilio huo una maana, ukianza na maji kabla ya kupiga brashi ukungu unausambaza.

Vyote vikikauka kabisa na bado kuna harufu ya mbali, ndipo mkaa unaingia. Mkaa amilifu, ule wa vichujio vya maji na vya matangi ya samaki. Umejaa vitundu vidogo mno, gramu moja ina eneo la ndani la mamia ya mita za mraba, na molekuli za harufu zinanasa humo. Tia kwenye mfuko wa kitambaa, weka kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko, ning'iniza au tandaza nguo bila kugusana na mkaa. Funga, sahau. Fungua baada ya siku kadhaa, nusa, rudia. Mkaa wa jikoni unafanya kidogo sana na unapaka masizi. Vile vipakiti vidogo vya kwenye viatu vipya vinanyonya maji. Vinasaidia ukungu usirudi, kwa harufu yenyewe havifai kitu.

Nati Legelege

Wakuu naomba kuingilia. La kwangu ni dawa ya nondo, vile vijidude vyeupe vya mviringo. Jaketi limekaa navyo miaka. Nioshe?

Bibi Gia

Usioshe, utachoka bure. Kama ni naftalini haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha maana. Yenyewe inaruka hewani bila hata kuwa majimaji, kwa hiyo inataka hewa inayotembea na muda. Nje au barazani, kivulini, siku ya joto, mifuko imegeuzwa nje, na ukague kama kuna kipande kimebaki ndani ya bitana. Wiki kadhaa ni jambo la kawaida. Isikae chumba cha kulala, hasa penye mtoto mchanga, mvuke wake si mzuri kwa damu.

Nguo yenye harufu ya petroli nayo ni hewa kwanza, nje, mbali na moto. Usiifungie kwenye pipa kabla haijaisha.

Mzee wa Klachi

Na paka? Maana langu nina hakika ni paka.

Fundi Sindano

Pole sana. Mkojo wa paka una asidi ya yuriki inayoganda kuwa chembe zisizoyeyuka vizuri kwenye maji. Ikipata unyevu inaanza upya. Tafuta kisafishaji chenye vimeng'enya vya kuvunja mkojo, ambacho kimeandikwa kinafaa kwa ngozi, fuata muda ulioandikwa, usikichanganye na siki wala spiriti maana unaua nguvu yake. Kama umeingia kwenye bitana peke yake, mimi nakata ile bitana na kushona nyingine, ni haraka kuliko kupigana nao. Ukiwa umezama kwenye ngozi yenyewe, sitakudanganya, mara nyingi hautoki wote.

Mguu wa Breki

Kona Kali, mafuta upake mwisho kabisa, harufu ikiwa imeisha. Kidogo, kwa kitambaa, nje tu. Msitumie mafuta ya kupikia kama nilivyoona watu wanashauri kwenye video. Yanachacha ndani ya ngozi, mnarudi kwenye uzi huu na harufu ya nne.

Kona Kali (mwenye uzi)

Imekauka jana. Kwapa limekwisha kabisa, magoti yamekwisha. Kola ukiingiza pua ndani ndani bado kuna sigara ya mbali, nimeirudia na siki na sasa iko kwenye pipa la mkaa. Ahsanteni sana.

Moja la mwisho: seti ilikuja na glavu. Nazo nizigeuze ndani nje?

Fundi Sindano

Hapana! Bitana ya vidole imeshikwa kwa gundi au nukta za uzi kwenye ncha. Ukiigeuza inachomoka na hutaingiza kidole tena. Zivae, nawa mikono na sabuni laini kama unavyonawa siku zote, tia maji kidogo ndani, fumbua na fumba viganja, suuza, kamua kwa kubana kuanzia vidoleni kuja mkononi. Kausha zikiwa zimesimama, vidole juu, feni iingize hewa kwenye mdomo wa glavu. Zikiwa na unyevu kidogo zivae tena zishike umbo.

Nati Legelege

Na kama kidole gumba kimeshachomoka tayari?

Fundi Sindano

Kama bitana haijachanika, inarudi. Tafuta kijiti chembamba chenye ncha butu, sukuma bitana mpaka mwisho wa kidole, taratibu, ikiwa kavu. Ikikubali, nukta ya gundi ya kitambaa kwenye ncha, ingiza kijiti tena ukishikilie mpaka ishike. Isipokubali mpelekee fundi, atafungua mshono wa pembeni wa kidole na kuishona.